Sumu iliyoilinda nyasi ya Kentucky

Mwaka 1931 E. N. Fergus, mtaalamu wa malisho wa Chuo Kikuu cha Kentucky nchini Marekani, alifika kwenye shamba la mlimani la William Suiter katika wilaya ya Menifee. Alitaka kuiona nyasi iliyokuwa ikizungumzwa sana huko, nyasi iliyobaki kijani hata majira ya baridi. Ilikuwa festuka ndefu. Fergus aliondoka na mbegu zake, akazijaribu kwa miaka kadhaa, na mwaka 1943 zikatolewa kwa wakulima kwa jina la Kentucky 31.

Wakulima waliipokea kwa mikono miwili. Ilivumilia ukame, wadudu, kwato za mifugo na ardhi iliyochoka, na mizizi yake ilishika udongo wa miteremko uliokuwa ukisombwa na mvua. Festuka ikaja kufunika takriban hekta milioni 14 za nchi hiyo.

Kasoro ilionekana kwa mifugo. Ng'ombe walishiba bila kunenepa. Joto lilipopanda walishinda wamesimama kwenye madimbwi, wakihema, na manyoya yao ya baridi yakiwa bado hayajapukutika. Baridi iliporudi wengine walianza kuchechemea, ncha za mikia na masikio zikafa, na waliozidiwa wakang'oka kwato. Farasi majike walipitisha siku za kuzaa, na baadhi yao wakazaa watoto waliokufa au wakakosa maziwa.

Dalili hizo zilifanana na za argoti, kuvu nyeusi inayoota kwenye masuke ya nafaka ya rai, ambayo iliwalemaza watu wengi Ulaya katika Zama za Kati. Lakini masuke ya festuka yalikuwa safi, na majani yake hayakuwa na doa wala ukungu. Watafiti walihangaika kwa zaidi ya miaka 20 bila kumpata mkosaji.

Jibu lilianza kupatikana katika jimbo la Georgia, miaka ya 1970. Joe Robbins, Charles Bacon na wenzao wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walikuta shamba lenye malisho mawili ya festuka. Katika moja ng'ombe waliugua, katika jingine walikuwa wazima. Bacon alichunguza mashina kwa darubini, na katika malisho ya wagonjwa akaona nyuzi nyembamba za kuvu zikipita katikati ya seli karibu katika kila shina. Katika yale mengine, kuvu hiyo ilikuwa kwenye shina moja hivi kati ya kumi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1977. Leo kuvu hiyo inaitwa Epichloë coenophiala.

Inaishi ndani ya nyasi maisha yake yote na huingia kwenye mbegu, hivyo mama humrithisha mtoto. Nyasi huilisha sukari. Yenyewe hutengeneza kemikali za aina ya alkaloidi: ergovalini, inayobana mishipa ya damu ya mnyama na kupunguza homoni ya maziwa; lolini, inayoua wadudu; na peramini, inayowafukuza.

Kinga hiyo dhidi ya wadudu haikupewa uzito mapema. Kuvu hufa mbegu ikikaa ghalani muda mrefu, kwa hiyo kupata festuka isiyo na kuvu hakukuwa kazi ngumu. Katika majaribio ya Alabama, madume waliolishwa festuka hiyo waliongezeka uzito karibu mara mbili ya wenzao. Mbegu safi zikauzwa kama tiba, wakulima wakang'oa malisho ya zamani na kupanda upya. Baada ya ukame na malisho mazito, katika mashamba mengi nyasi mpya ilikufa. Nguvu iliyomvutia Fergus pale mlimani ilitoka kwa kiasi kikubwa kwenye kuvu. Nawahurumia wakulima wale, maana waliuziwa suluhisho kabla ya yeyote kuuliza sumu ile ilikuwa inamlinda nani.

New Zealand ilipata somo hilo kwa njia yake. Mwaka 1981 watafiti walihusisha kuvu ya nyasi ya raigrasi na ugonjwa wa kondoo kutetemeka na kuanguka, unaosababishwa na sumu ya kuvu hiyo, lolitremu B. Mwaka uliofuata wengine wakaonyesha kwamba raigrasi isiyo na kuvu huliwa mno na fukusi wa mashina kutoka Argentina. Hivyo badala ya kuifuta kuvu, walitafuta nyingine. Walikusanya aina za kuvu kutoka nyasi za nchi mbalimbali, wakachagua zinazotoa kinga ya wadudu bila sumu ya mifugo, wakazipandikiza kwenye miche michanga. Aina ya AR1, yenye peramini na isiyo na lolitremu B, iliingia sokoni mwaka 2001. Kwa ushirikiano nao, Chuo Kikuu cha Georgia kilipata festuka ya namna hiyo wakati huohuo.

Hata hivyo sehemu kubwa ya malisho ya festuka Marekani ingali na kuvu ya zamani. Kung'oa mteremko mzima ni gharama, na udongo ulioachwa wazi husombwa na mvua ya kwanza. Wengi huchanganya klova katikati ya festuka, ili ng'ombe ameze sumu kidogo katika kila tonge.