Mbegu ya Ng'ombe, Malisho ya Farasi: Hoja Dhidi ya Ushauri Mmoja kwa Mifugo Wote

Ushauri wa kufufua malisho katika Afrika Mashariki umeandikwa kwa ajili ya ng'ombe. Hilo halishangazi. Ng'ombe ndiye mali ya mfugaji, na farasi ni wachache: wa mbio za Ngong, wa mashamba ya Molo na Naivasha, wa kubeba watalii Laikipia na Arusha. Lakini malisho ya farasi yanapochakaa, mwenye farasi hupewa ushauri uleule na mbegu zilezile. Makala hii inadai kwamba ushauri huo waweza kuirudishia ardhi majani na papo hapo ukamlemaza mnyama anayeyala.

Tuanze na Cenchrus ciliaris, nyasi ambayo Wakamba huiita ndata kivumbu. Katika nchi kavu za Makueni, Kitui na Baringo imesifiwa, na inastahili sifa hizo: hustahimili ukame, mizizi yake huzama, na hufunika udongo uliobaki uchi. Kasoro yake ni oksaleti, kemikali inayoshikana na kalsiamu. Nyasi ya Kikuyu inayo pia, na setaria imezizidi zote mbili. Ng'ombe kwa kawaida hadhuriki, kwa sababu bakteria wa tumbo lake kuu huivunja oksaleti kabla chakula hakijafika kwenye utumbo mwembamba, ambako kalsiamu hufyonzwa. Farasi hacheui. Bakteria wake wengi wamo katika utumbo mpana, baada ya mahali hapo, na kufikia huko kalsiamu imekwisha kupita bila kuingia mwilini. Damu ikipungukiwa, tezi za parathiroidi hutoa homoni inayochota kalsiamu kutoka mifupani. Farasi huchechemea mguu huu leo na mwingine kesho, mifupa ya uso huvimba, naye hukonda akiwa amezungukwa na majani mabichi. Majike wanaonyonyesha na wanyama wanaokua ndio huumia upesi.

Ushahidi mwingi wa jambo hili umetoka Queensland, Australia, ingawa nyasi zenyewe zina asili ya kwetu. Aina ya Cenchrus iitwayo Biloela, iliyoenea sana huko, ilitokana na mbegu za Dodoma. Setaria ya Nandi jina lake linajieleza. Watafiti wa Queensland walihitimisha kuwa hatari ipo pale oksaleti inapozidi asilimia 0.5 ya uzito mkavu wa majani, na kalsiamu ikiwa chini ya nusu ya oksaleti hiyo. Tena majani machanga yanayokua kwa kasi ndiyo yenye oksaleti nyingi zaidi. Kwa hiyo malisho yaliyopandwa upya, yakianza kupendeza macho baada ya mvua, huwa katika kipindi chake kibaya kuliko vyote.

Wapo watakaosema dawa ni kumwongezea farasi chokaa ya mifugo. Ni kweli kwa farasi wa bandani anayelishwa kwenye ndoo yake kila siku. Kwa kundi la majike walioachwa uwandani, mbabe hula sehemu ya wenzake, na anayenyonyesha huenda asionje. Nyongeza ni kinga ya pale pasipo na hiari, kama nyanda za juu kabisa ambako nyasi ya Kikuyu huota yenyewe na nyingine nyingi hushindwa na baridi. Huko, mbali na chokaa, klova nyeupe ya Kenya, mmea wa jamii ya kunde, yafaa ichanganywe humo kwa ajili ya kalsiamu yake. Kwingineko, hakuna sababu ya kupanda tatizo kisha kununua tiba yake.

Mbadala upo na unajulikana. Nyasi ya Rhodes, hasa aina za Boma na Elmba zilizotokana na kazi ya utafiti ya Kitale, ina oksaleti kidogo na hutambaa haraka kuziba mapengo. Mbegu zake ni nyepesi kama manyoya: zikifukiwa chini zaidi ya sentimeta mbili nyingi hazichomozi, hivyo udongo ulainishwe, mbegu zinyunyizwe juujuu mwanzoni mwa mvua, kisha ardhi ishindiliwe. Kabla ya kufungulia farasi, shika shina uvute. Likingʼoka na mizizi, bado.

Hata hivyo mbegu haitadumu ikiwa kilichoyachakaza malisho hakijaguswa. Farasi ana meno ya mbele juu na chini, basi hukata jani karibu kabisa na udongo, ilhali ng'ombe huzungusha ulimi na kuacha kisiki. Isitoshe, farasi hutenga sehemu za kunyea na hakubali kula hapo; upande mmoja unageuka kichaka, mwingine kipara. Hapa ng'ombe ana kazi yake halali: apitishwe baada ya farasi, ayale majani yaliyokataliwa, ameze na viluwiluwi vya minyoo ya farasi, ambavyo ndani yake hufa. Kugawa uwanja kwa uzio na kupumzisha kila kipande ni gharama, lakini ni nafuu kuliko kulima na kupanda upya kila baada ya misimu michache.

Taasisi za utafiti wa mifugo za Kenya na Tanzania zina maabara za kupima oksaleti na kalsiamu katika kila aina ya nyasi inayouzwa madukani. Zipime, na matokeo yachapishwe kwenye mfuko wa mbegu, na kwa nyasi zenye hatari liongezwe onyo moja fupi: haifai farasi.