Jumuiya ya At-Large

Jumuiya ya At-Large ni muungano wa vyama vya kiraia na watu binafsi wanaowasemea watumiaji wa kawaida wa intaneti ndani ya ICANN, shirika lenye makao yake Los Angeles, Marekani, ambalo tangu mwaka 1998 huratibu mfumo wa majina ya tovuti duniani. Serikali na kampuni zinazouza majina hayo zina wawakilishi wao humo. At-Large ipo ili mwananchi asiye na cheo wala biashara katika sekta hiyo naye asikilizwe.

Historia. Mwaka 2000 watumiaji walichagua moja kwa moja wajumbe watano wa bodi ya ICANN, mmoja kwa kila kanda ya dunia. Watu zaidi ya 34,000 walipiga kura kupitia intaneti, na Waafrika wakamchagua Nii Quaynor wa Ghana. Uchaguzi huo haukurudiwa. Mageuzi ya mwaka 2002 yaliufuta, na mahali pake pakawekwa kamati ya ushauri iitwayo ALAC.

Muundo. Msingi wa At-Large ni vikundi vya wenyeji, kama vyama vya watumiaji na matawi ya shirika la Internet Society. Vikundi hivyo huungana kikanda. Muungano wa Afrika, AFRALO, ulianzishwa mwaka 2007. Kila kanda hutoa wajumbe wawili wa ALAC, na Kamati ya Uteuzi ya ICANN huongeza watano, hivyo kufanya jumla ya 15.

Mamlaka. Bodi hailazimiki kufuata ushauri wa ALAC. Hata hivyo, tangu mwaka 2010 At-Large huchagua mjumbe mmoja wa bodi mwenye kura. Wa kwanza alikuwa Sébastien Bachollet wa Ufaransa. Tangu Oktoba 2016, ALAC pia ni kimojawapo cha vyombo vitano vyenye uwezo wa kukataa bajeti au kuiondoa bodi, vikiungana kwa idadi inayotakiwa na katiba ya shirika.

Changamoto. Wajumbe hufanya kazi kwa kujitolea, wakipitia nyaraka ndefu za kisheria na kiufundi ambazo nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili hakimo katika lugha rasmi za tafsiri za ICANN. Kwa sababu hiyo, uwakilishi wa kweli wa Afrika Mashariki unategemea vikundi vyenyewe: vieleze hoja kwa lugha ya wanachama, vikusanye maoni yao, kisha viyafikishe mezani kabla maamuzi hayajapitishwa.