Njia ya Karura ililipiwa kwa damu

Ukiingia Msitu wa Karura kwa lango la Limuru Road asubuhi ya Jumamosi, utashangaa jinsi njia yake ilivyo nyepesi. Ni maramu mwekundu ulioshindiliwa, mpana kiasi cha kutosha watu wanne kutembea sambamba, na miinuko yake haimtoi mtu jasho. Nyanya huja na mkongojo wake, mama husukuma mtoto kwenye kigari, na watoto hutangulia mbio wakitafuta namba zilizoandikwa kwenye nguzo za njia panda. Baada ya dakika kumi honi za magari zimepotea. Unabaki na ndege, na nyayo zako mwenyewe.

Wengi wanaoikanyaga njia hiyo leo walikuwa hawajazaliwa Januari 1999, au walikuwa bado mgongoni mwa mama zao. Nawaandikia hao kwanza.

Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, enzi za ukoloni. Ni zaidi ya hekta 1,000 kaskazini mwa jiji la Nairobi, zikiwa zimezungukwa na mitaa ya kifahari kama Muthaiga na Gigiri. Mkoloni hakuuwekea mipaka kwa kuipenda miti. Garimoshi lilihitaji kuni, hivyo miti ya asili ilikatwa na mahali pake ikapandwa mikaratusi, ambayo hukua upesi. Alama za uamuzi huo bado zipo. Kuna mahali njiani ambapo mkono mmoja una mikaratusi iliyonyooka kwa mistari, majani yake makavu yakivunjika chini ya viatu, na mkono wa pili una giza la miti ya asili: mukinduri, mutamaiyu, muhugu. Simama kwenye muhugu uuguse. Gome lake limepasuka kwa mifereji mirefu ya kijivu, na mbao yake ni ngumu na yenye harufu nzuri. Ndiyo mbao iliyopendwa na wachonga vinyago wa Ukambani, na ndiyo iliyotandikwa sakafu za nyumba nyingi za zamani. Mti uliopendwa hivyo hauachwi ukazeeka, na ndiyo maana kila muhugu uliobaki Karura mimi huutazama kwa heshima.

Mbele zaidi njia inateremka hadi Mto Karura, kwenye maporomoko ya maji na mapango ambayo wazee husimulia kwamba wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo. Humu msituni pia limesimama tanuri kuukuu ambamo Benki Kuu iliteketeza noti chakavu. Lakini mali iliyowatoa watu udenda hapa ni ardhi yenyewe.

Miaka ya 1990 unyakuzi wa ardhi ya umma ulikuwa umeshamiri Kenya. Mwaka 1998 ikabainika kwamba sehemu kubwa za Karura zilikuwa zimegawiwa wastawishaji wa kibinafsi ili wajenge majumba. Matingatinga yalikuwa tayari kazini. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, aliwaongoza watu kuingia msituni na miche mikononi. Mwezi Oktoba mwaka huo mitambo ya ujenzi ilichomwa moto. Walinzi walipoongezwa, yeye na wenzake walizunguka wakapitia kwenye kinamasi, wakapanda miti yao na kuimwagilia maji.

Tarehe 8 Januari 1999 walirudi wakiwa na wabunge wa upinzani na waandishi wa habari. Walitaka kupanda mti mmoja tu langoni. Walikuta kundi kubwa la wanaume wenye mapanga, marungu na mijeledi. Wangari alipigwa kichwani hadi damu ikamchuruzika. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha taarifa, alitia sahihi kwa damu hiyo hiyo.

Picha za siku hiyo zilizunguka dunia nzima. Jirani na msitu, huko Gigiri, ndiko makao makuu ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alilaani shambulio hilo. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani kuutetea msitu, na wao pia wakakabiliwa kwa nguvu. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Miaka mitano baadaye Wangari alitunukiwa Nobeli ya Amani.

Wengi hukomea hapo wanaposimulia habari za Karura, na mimi naona wanaikata hadithi katikati. Msitu ulikuwa umeokolewa, ila haukutembeleka. Kwa miaka mingine kumi lilikuwa pori la wahalifu na wakata miti. Mwanamke wa Nairobi hakuthubutu kupita humo peke yake hata saa sita mchana.

Kilichoifungua njia ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, iliyowapa wananchi nafasi ya kushirikiana na serikali kutunza misitu. Mwaka 2009 kikaundwa chama cha Friends of Karura Forest, kikafanya kazi bega kwa bega na Shirika la Misitu la Kenya. Ukawekwa uzio wa umeme, na vijana wa mtaa wa Huruma ulio pembezoni mwa msitu wakaajiriwa kuwa walinzi. Mwaka 2011 malango yakafunguliwa kwa umma. Mwaka huo huo, tarehe 25 Septemba, Wangari alifariki dunia. Baadaye mbega walihamishwa kutoka Kipipiri wakaletwa humu, na leo njia za miguu na baiskeli zina urefu wa zaidi ya kilomita 50.

Vitisho havijaisha. Mwaka 2024 wakazi wa jiji walipiga kelele tena waliposikia kwamba zaidi ya ekari 50 za msitu zingetumika kupanua Barabara ya Kiambu.

Basi nenda, msomaji. Lipa kiingilio chako na uwapeleke watoto. Acha nyumbani chupa ya plastiki ya kutupa, maana sheria imeikataza humo tangu Juni 5, 2020. Ukifika, waambie watoto kilichotokea tarehe 8 Januari. Na siku ukisikia kwamba kipande cha Karura kimegawiwa mtu, usingoje mwenzako awe wa kwanza kusema.