Mstari, Nukta na "Kosa"

Mwaka 1962 Jack Bresenham, mtumishi wa IBM huko San Jose, Marekani, alibuni njia ya kuiongoza kalamu ya mashine ya kuchorea inayotawaliwa na kompyuta. Aliitangaza jaridani mwaka 1965. Baadaye njia hiyo ilihamia kwenye skrini. Skrini haina mstari wa mshazari ulionyooka. Ina nukta tu. Kwa kila hatua kompyuta huangalia nukta zimeuacha mstari halisi kwa kiasi gani, kisha huwasha iliyo karibu zaidi, kwa kujumlisha na kutoa namba kamili, bila kugawanya. Ndiyo siri ya wepesi wake.

Kiasi hicho Kiingereza hukiita kwa neno ambalo kamusi hulifasiri "kosa". Mwanafunzi atamtafuta aliyekosea, ilhali hayupo. Twapendekeza "mkengeuko".