Treni ya mizigo ikiacha reli, nani huifungua njia?

Nchini Marekani treni huacha reli zaidi ya mara 1,000 kwa mwaka. Nyingi ya ajali hizo hutokea ndani ya stesheni za kupanga mabehewa, treni ikienda mwendo wa mtu anayetembea, na hakuna anayezisikia. Gurudumu moja au mawili yameteremka, yanarudishwa, kazi inaendelea. Habari huja pale treni ndefu inapoacha njia kuu, mabehewa yakapandiana na reli ikang'oka.

Sababu ni za kawaida kuliko watu wanavyodhani. Reli inaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho, au mataruma yameoza na reli mbili zikaachana kidogo. Jua kali hurefusha chuma hadi reli ikajikunja kando, na mvua hula tuta la kokoto. Wakati mwingine kosa liko kwenye behewa lenyewe: beringi ya gurudumu inakosa kuzunguka vizuri, inapata moto na hatimaye ekseli inakatika.

Wanaokuja baada ya ajali

Zamani kila shirika kubwa la reli la Marekani lilikuwa na treni yake ya uokoaji, yenye winchi kubwa iliyotembea juu ya reli. Udhaifu wa winchi hiyo ni rahisi kuuona: huja kwa reli, na reli ndiyo iliyoharibika. Iliweza kushika rundo la mabehewa kutoka ncha moja au nyingine tu, ikila kidogo kidogo kuelekea katikati.

Tangu miaka ya 1960 na 1970 kazi hiyo imehamia zaidi kwa makampuni binafsi yanayokaa tayari saa 24. Mmojawapo wa waanzilishi wanaojulikana ni Richard Jay Corman wa Kentucky, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1973. Chombo chao kikuu ni tingatinga la minyororo lenye mkono wa kunyanyulia ubavuni, mashine ambayo asili yake ni kulaza mabomba ya mafuta. Hubebwa kwa lori hadi karibu na eneo la ajali, kisha hupita shambani na kufika ubavuni mwa behewa lolote. Mawili hushika behewa kila upande, waendeshaji wakifuata ishara za mkono za msimamizi mmoja. Behewa lililojaa linaweza kuwa na tani 130, na kichwa cha treni karibu 190. Nyaya za chuma zikikatika wakati huo, aliyesimama karibu hana pa kukimbilia.

Kabla ya mashine kugusa kitu, lazima ijulikane treni ilibeba nini. Wafanyakazi wa treni huwa na orodha ya mabehewa kwa mpangilio wake, na matangi ya kemikali hubandikwa kibao chenye tarakimu 4. Kwa mfano, 1086 ni kloridi ya vinili, gesi inayowaka na kusababisha saratani, inayotumika kutengenezea plastiki.

Kisha kasi huanza. Behewa zima hurudishwa relini. Lililopondeka huburutwa kando likakatwe baadaye. Vipande vya njia vya urefu wa kama mita 12, reli ikiwa tayari imefungwa kwenye mataruma, huletwa na kupangwa kama mkeka. Vinaungwa kwa vyuma na bolti, kokoto zinamwagwa na kushindiliwa, na treni ya kwanza inapita polepole sana. Njia iliyong'olewa asubuhi inaweza kupitisha mizigo kesho yake.

Haraka hiyo ina hesabu yake. Kila saa njia ikifungwa, treni nyingine zinasimama nyuma, na viwanda vinasubiri makaa, nafaka au gari.

Ohio, 2023

Usiku wa Februari 3, 2023, treni ya Norfolk Southern iliacha reli katika mji mdogo wa East Palestine, jimbo la Ohio, na mabehewa 38 yakaanguka. Chanzo kilikuwa beringi. Vifaa vilivyo kandokando ya njia vilikuwa vimepima joto lake: kwanza nyuzi 21 za Selsiasi juu ya hali ya hewa, kisha 57, na mwishowe 141. Kati ya kipimo cha pili na cha tatu kulikuwa na kilomita zipatazo 32 bila kifaa kingine, na onyo lilipotolewa wafanyakazi hawakuwa na muda wa kutosha.

Matangi 5 yalikuwa na kloridi ya vinili. Februari 6 yalitobolewa na kuchomwa makusudi kwa hofu kwamba yangelipuka, na wingu jeusi likafunika mji ambao baadhi ya watu wake walikuwa wameamriwa kuhama. Mwaka 2024 bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ilihitimisha kwamba uchomaji huo haukuwa wa lazima, na kwamba waliotoa uamuzi hawakupewa taarifa kamili. Kampuni ilisisitiza kuwa ilichojali ni usalama.

Kilichowaudhi wakazi zaidi, hata hivyo, ni reli. Treni zilianza kupita tena siku chache baada ya ajali, juu ya udongo uliolowa kemikali. Kwa kipimo cha kazi ya uokoaji, hayo yalikuwa mafanikio. Kwa aliyeishi jirani, ilikuwa dharau. Baada ya malalamiko, kampuni ililazimika kung'oa njia ileile, moja baada ya nyingine, ili kuchimba udongo wa chini. Mwaka 2024 ilikubali kulipa dola milioni 600 kumaliza kesi ya pamoja ya wakazi na wafanyabiashara.

Na huku kwetu?

Mbinu ya matingatinga ya ubavuni hutegemea barabara na ardhi tambarare. Kwenye Reli ya Kati ya Tanzania, kati ya Kilosa na Gulwe, njia hufuata bonde la mto, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalibeba tuta lenyewe. Hapo kipande cha reli kilichoungwa tayari hakisaidii mpaka mahali pa kukilaza pajengwe upya, na hilo huchukua miezi.