Kutoka Saboti hadi Chetambe

Barabara ya Kitale kwenda Webuye inapita Kiminini na Kamukuywa, mahindi kulia na kushoto. Niliishika nikitokea Saboti, chini ya Mlima Elgon, nikirudi kinyume na njia ya Wabukusu waliopanda huku kutafuta kazi kwa walowezi, kwenye ardhi waliyonyang'anywa Wasabaot.

Kitale ina makumbusho yaliyotokana na yale ya binafsi ambayo Kanali Stoneham aliyaanzisha mwaka 1926. Ni hazina. Lakini kisa nilichokifuata hakijawahi kukaa kabatini.

Chetambe ni kilima kilicho juu ya mji wa Webuye. Mwaka 1895, baada ya kushindwa na Waingereza vitani Lumboka, Wabukusu walijifungia hapa ndani ya boma la ukuta wa udongo na handaki. Waingereza wakaja na bunduki ya Maxim. Watu wengi waliuawa. Wanawake na watoto wakachukuliwa mateka.

Mwaka 1947, Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa aliwaongoza wafuasi wake hadi kilimani hapa kuwakumbuka waliouawa. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikaipiga dini hiyo marufuku. Masinde alizaliwa baada ya vita vile. Hakuviona. Alisimuliwa.

Wabukusu wana mahali pa kusimuliana: khuswala kumuse. Siku ya tatu baada ya mzee kuzikwa, watu huketi chini wakiacha njia katikati yao. Omuswale, yaani msimulizi, joho begani na fimbo mkononi, hupita katika njia hiyo akienda na kurudi, akitaja koo, uhamaji na vita. Akiwa anasema, hakuna anayeinuka. Tukio analiweka kwenye rika: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Marika hayo nane huzunguka na kurudi, na kila mwanamume aliyetahiriwa ana lake, kwa hiyo msikilizaji hujua babu yake alikuwa wapi bunduki zilipolia.

Kwangu mimi hii ndiyo maktaba ya Bungoma na Trans Nzoia, na inafungwa mbele ya macho yetu. Siku hizi wengi hutoka kaburini moja kwa moja hadi kwenye matatu, kwa kuwa kesho yake ni kazini. Ukizika mzee Saboti, Kimilili au Kamukuywa, omba ruhusa ya siku tatu zaidi. Keti na watoto wako, uwaambie rika la babu yao, na msiinuke mpaka omuswale amalize.