Ngoma Isiyo na Mwenyewe

Mwaka 1950, wakati matrekta ya mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza yakishika kutu kule Kongwa, Mwingereza mmoja alikuwa anazunguka Tanganyika na gari lililosheheni vyombo vya kunasia sauti. Jina lake Hugh Tracey. Alizaliwa Devon mwaka 1903, akaja Rhodesia Kusini akiwa kijana kulima tumbaku na kaka yake, na huko shambani nyimbo za vibarua zikamteka. Hakupona tena. Alitumia maisha yake yote yaliyobaki kufuata sauti za watu, kijiji kwa kijiji, kuanzia kusini mwa Afrika hadi maziwa makuu.

Tracey hakuwa mtu wa kusimika maikrofoni na kukaa kando. Aliishika mkononi, akaisogeza kwa mwimbaji, akairudisha kwa mpiga ngoma, kama mpiga picha anayetafuta sura. Lakini kuna jambo ambalo mkono wake haukuweza kulishinda. Santuri za wakati ule, za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba takriban dakika tatu kila upande. Ukienda Ugogo, nchi ya Wagogo huko Dodoma, dakika tatu ni za kukaza ngozi ya ngoma tu. Msunyunho huimbwa kwa kupokezana hadi waimbaji wasahau nani alianza. Muheme, ngoma ya wanawake ambayo mpigaji huibana katikati ya mapaja, haianzi kunoga mpaka vumbi litimke. Mpiga zeze naye husimulia, hucheka, humsifu aliyepita njiani, kisha ndipo aingie kwenye wimbo wenyewe. Yote hayo yalikatwa yaenee kwenye sahani.

Kwa haki yake, Tracey aliandika majina ya waimbaji wengi, jambo ambalo wanasa sauti wengine wa enzi hizo hawakujisumbua nalo. Shida haikuwa kwenye daftari lake, ilikuwa kwenye sheria. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, ndiyo iliyoenezwa hadi makoloni, ilimtambua mtunzi: mtu mmoja anayejulikana, mwenye kazi inayoonekana. Wimbo wa mababu haukuwa na mtu wa namna hiyo. Lakini sheria hiyohiyo ilimtambua pia mwenye santuri, ikampa ulinzi wa miaka 50 tangu sahani ya kwanza ilipotengenezwa. Kwa hiyo siku ile gari lilipoondoka, kilichonaswa kilikuwa na mwenyewe, na wimbo ulionaswa haukuwa na mwenyewe. Mzee wa zeze akarudi kwa ng'ombe wake bila kujua kwamba amegawanywa vipande viwili.

Mikanda ilikwenda mbali. Mwaka 1954 Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Roodepoort, Afrika Kusini, na kutoka humo zikatoka santuri zaidi ya 200 za mfululizo mmoja tu. Alipofariki mwaka 1977, maktaba ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji ulioitwa Grahamstown wakati huo, ambako ipo hadi leo. Baadaye kampuni ya Uholanzi, SWP, ilizitoa upya rekodi za Tanganyika za 1950 kwenye CD, ala kwenye albamu moja na sauti za waimbaji kwenye nyingine. Wakipsigis wa Kenya, ambao Tracey aliwarekodi katika safari za mwaka huohuo, waliletewa nakala za nyimbo zao nyumbani mwaka 2015, miaka 65 baadaye. Baadhi ya waliokuwa vijana wakati ule walikuwa bado hai kusikia sauti zao.

Wakati Tracey akiendelea na safari, redio ilikuwa inazaliwa. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na baada ya uhuru, kufikia 1965, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kwa karibu miaka 30 hapakuwa na redio nyingine Tanzania Bara. Bendi iliyotaka kusikika ilirekodi RTD. Kikundi cha ngoma kilichotaka kusikika kilisubiri watu wa RTD wafike mkoani na vinasa sauti vyao. Malipo, yalipokuwepo, yalikuwa ya mara moja: unarekodi, unapewa kiasi kidogo, unaondoka. Wimbo ukipigwa mara moja au mara elfu, hesabu ilikuwa imefungwa siku ile ya kwanza.

Mfano ambao kila aliyekua na redio anaukumbuka bila hata kuutafuta ni ngoma za taarifa ya habari. Aliyezipiga ni Mzee Morris Nyunyusa, asiyeona, aliyezungukwa na ngoma nyingi na kuzipiga zote peke yake kana kwamba ana mikono sita. Mlio wake uliita nchi nzima ikae kimya. Watoto walijua kwamba ngoma zile zikilia, baba hasemeshwi. Sidhani kuna Mtanzania yeyote ambaye kazi yake ya muziki imesikika mara nyingi kuliko hiyo, na ni wangapi kati yetu waliojua ni ya nani?

Ugogo wakati huo ulikuwa umemtoa mtu wake. Hukwe Zawose alizaliwa Doguye, mkoani Dodoma, akajifunza zeze na ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, nyumbani huku akichunga. Mwalimu Nyerere, ambaye tangu 1962 alikuwa ameunda wizara ya utamaduni ili, kwa maoni yake, taifa lirudishiwe roho yake, alivutiwa naye, na Zawose akaitwa Dar es Salaam kujiunga na kikundi cha taifa cha ngoma. Kikundi hicho kilipovunjwa, kazi yake ikachukuliwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na Zawose akaenda huko kufundisha. Ilimba yake ilikuwa kubwa kuliko za kawaida, yenye vyuma zaidi ya 60 badala ya nusu ya hapo, na sauti yake ilishuka hadi kukoroma kisha ikapanda ikawa nyembamba kama ya mtoto, bila kituo katikati.

Miaka ya 1980 alianza kusikika Ulaya, kwanza kwa albamu ya Tanzania Yetu iliyotolewa London mwaka 1985, baadaye kwa kampuni ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel: Chibite mwaka 1996, kisha Assembly mwaka 2002 akishirikiana na Michael Brook wa Kanada. Mwaka huo wa 2002 alisafiri na Gabriel katika maonyesho yake ya Marekani. Alifariki tarehe 30 Desemba 2003.

Kilichobadilika na Zawose hakikuwa umaarufu peke yake. Kwenye jalada liliandikwa jina la mtu. Nyimbo zake nyingi zilisimama juu ya milio ya Kigogo ya tangu enzi, ile mizani inayofuata ngazi za asili za sauti, lakini zilikuwa tungo zake, na sheria hatimaye ilikuwa na mtu wa kumshika mkono. Kwa hesabu ya sheria ya Tanzania, inayolinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 zaidi, tungo za Zawose zitalindwa hadi mwisho wa mwaka 2053. Jirani yake wa Doguye aliyeimba milio hiyohiyo kwenye pombe ya mavuno hana tarehe kama hiyo. Familia imeendeleza kazi: mwaka 2024 Pendo na Leah, binti na mjukuu, walitoa albamu yao ya kwanza chini ya Real World kwa jina la Zawose Queens, na humo wanawake ndio wanaopiga.

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne tarehe 25 Julai 1994, miezi michache baada ya redio binafsi kuruhusiwa na wenye nyimbo kuanza kusikia kazi zao kila mahali bila senti kuingia. Mwaka 1999 ikaja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7, iliyoizaa COSOTA ya kukusanya mirabaha. Neno mrabaha wengi tulilizoea kwenye habari za dhahabu na almasi: kile mchimbaji anachoilipa serikali kwa alichokitoa ardhini. Kwenye muziki lina maana ileile. Ukichimba, lipa, na ukichimba tena kesho, lipa tena.

Sehemu ya sheria hiyo ambayo haisomwi sana ndiyo inayoigusa Dodoma. Inahusu sanaa za jadi, na inafuata kielelezo kilichoandaliwa na UNESCO na WIPO mwaka 1982. Kijiji kikipiga ngoma yake kwa desturi yake, hakuna wa kuuliza. Mtu akiichukua nje ya desturi ili kupata faida, anatakiwa aombe kibali kwa mamlaka, na mamlaka yenyewe ni Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Kielelezo kinataka ada zitumike kukuza na kuhifadhi utamaduni. Ni sheria yenye nia njema, ila tazama ilipouweka umiliki: wimbo uliokuwa hauna mwenyewe sasa una mlezi, na mlezi huyo si kijiji.

Turudi nyuma kidogo, London, mwaka 1909, ilikoanza njia nyingine ya kupata ruhusa ya muziki. Meyer de Wolfe alianza biashara ya kuwapatia wenye majumba ya sinema muziki wa kupigwa chini ya picha zisizo na sauti. Filamu zilipoanza kusema, kampuni yake ikahamia kwenye rekodi: maelfu ya vipande vilivyokwisha kutungwa, vya huzuni, vya mbio, vya asubuhi shambani, mtengeneza filamu achague. Hiyo ndiyo asili ya maktaba za muziki wa matangazo. Kwa kawaida anayetaka kuweka wimbo chini ya picha anahitaji ruhusa mbili, ya mwenye tungo na ya mwenye rekodi, na mara nyingi watu hao hawakai nyumba moja. Maktaba inakupa zote mbili dukani kwake. Baadaye likaja wazo la muziki usiodai mrabaha: unalipa mara moja, au kwa mwezi, kisha unautumia bila kuhesabiwa. Wengi hapa kwetu huuita muziki wa bure. Si bure. Ni malipo ya mara moja, na RTD ingeuelewa utaratibu huo bila kufafanuliwa.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, mji umejaa kazi za video. Wizara zinataka filamu za miradi, taasisi zinataka matangazo, wakulima wa zabibu wanataka kuonyesha mashamba, na harusi hazikai nyuma. Kijana wa kuhariri aliyepanga chumba Area C ana siku mbili. Akiweka wimbo wa Bongo Fleva, mtandao utautambua na kumletea dai la hakimiliki kabla video haijatazamwa na watu kumi. Akitaka muheme wa kweli, lazima ajue kikundi, apate makubaliano nao, aombe kibali, arekodi. Kwa hiyo anafungua maktaba ya mtandaoni ya Sweden au Marekani, anaandika neno "Afrika", anapata ngoma zilizopigwa kwenye kompyuta, na filamu ya kisima cha maji Bahi inatoka na mlio usiojulikana ni wa wapi. Simlaumu. Amefuata sheria.

Chamwino, mashariki ya mji, tangu 2009 hufanyika tamasha la muziki wa Kigogo. Mwanzilishi wake, Dkt. Kedmon Mapana, Mgogo na mwalimu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadaye aliteuliwa kuwa Katibu Mtendaji wa BASATA, ofisi ileile inayotoa vibali. Vikundi vya vijiji huja na njuga, mazeze na ngoma zao, na simu huinuliwa juu ya vichwa kunasa. Muheme unapoanza, wanawake hukaa kwanza kwenye mstari, wakijaribu ngozi kwa vidole, wakisubiriana. Kwenye maktaba za mtandaoni kila kipande huja kimekatwa tayari: sekunde 60, sekunde 30, sekunde 15. Hapa kiongozi bado hajapiga hata pigo la kwanza, na tayari ni zaidi ya dakika tatu.